Mkopo wa siku 30, zao la miezi mitano: kwa nini deni la simu linatutafuna

Mvua za kwanza zikishanyesha huku kwetu Rungwa, maswali tunayopokea studio hubadilika. Watu huacha kuuliza bei ya alizeti na kuanza kuuliza mikopo. Ni upi wenye nafuu? Ule wa kwenye simu ni salama? Wale wanaopita vijijini wakikopesha kwa marejesho ya kila wiki wana kibali? Na je, Benki Kuu ikitangaza kwamba imeshusha riba, mbona sisi hatuoni nafuu yoyote?

Makala haya yanajibu maswali hayo kwa pamoja, kwa sababu jibu lake ni moja. Gharama ya mkopo haiko kwenye riba iliyotajwa peke yake. Iko pia kwenye muda wa mkopo, kwenye ada ndogondogo, na kwenye namna ya kurejesha. Mkulima anayekopa Desemba na kutegemea mauzo ya Mei au Juni yuko mbali sana na mfanyakazi wa mshahara anayelipwa kila tarehe 25, hata kama wote wawili wamebonyeza namba zile zile kwenye simu.

Benki Kuu ilipunguza riba, nafuu ikaishia wapi?

Tangu Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania hutangaza kiwango cha riba yake kila baada ya miezi mitatu. Ilianza na asilimia 5.5, ikapanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo, na Julai 2025 ikashuka hadi 5.75. Msikilizaji akisikia hivyo kwenye taarifa ya habari anaweza kudhani naye atakopa kwa asilimia 5.75. Sivyo.

Kiwango hicho kinaongoza riba ambayo mabenki hukopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa siku chache. Benki inapomkopesha mteja huongeza gharama zake za uendeshaji, faida yake, na hofu ya kutolipwa. Ndiyo maana wastani wa riba za mikopo ya benki nchini umekuwa ukizunguka kwenye asilimia 15 hivi kwa mwaka, hata pale kiwango cha Benki Kuu kinapokuwa chini ya 6.

Sasa zingatia neno hilo: kwa mwaka. Benki hutaja riba ya mwaka. Mkopo wa simu hutaja ada ya mwezi, na mwingine hutaja ada ya siku. Mkopeshaji wa mtaani hutaja rejesho la wiki. Ukiziweka namba hizi pamoja bila kuzigeuza ziwe za kipimo kimoja, ndogo itaonekana kubwa na kubwa itaonekana ndogo.

Hesabu ya mkopo wa simu

Mikopo ya simu haikuanza jana. Vodacom na benki ya CBA, ambayo sasa ni NCBA, walileta M-Pawa mwaka 2014. Baadaye wakaja Timiza ya Airtel na Nivushe ya Tigo, kisha huduma za kumalizia muamala pale salio linapopungua, kama Songesha. Kwa mtu wa Rungwa, ambaye tawi la benki liko mbali na nauli ni pesa, huduma hizi ziliziba pengo la kweli. Mtoto akiugua usiku, mkopo wa simu unafika kabla gari halijapatikana. Hilo hatulikatai.

Lakini tuhesabu. Tuseme unakopa shilingi 50,000 kwa siku 30, na ada ni asilimia 9. Utalipa 54,500. Hiyo 4,500 haitishi, ni kama bei ya soda chache. Sasa tuseme mwezi unapoisha unalipa, na siku hiyo hiyo unakopa tena kwa sababu ulicholipia ndicho ulichokuwa unakitegemea kula. Ukifanya hivyo miezi 12 mfululizo, utakuwa umelipa ada ya shilingi 54,000. Kwa maneno mengine, umelipia 50,000 kwa zaidi ya 50,000, na mwisho wa mwaka bado unadaiwa 50,000 ile ile.

Ukiigeuza ada hiyo kuwa ya mwaka ni asilimia 108. Linganisha na ile 15 ya benki.

Huduma ya kumalizia muamala ina tabia yake. Nyingi hutoza kwa siku. Tuseme umepungukiwa 20,000 na ada ni shilingi 200 kila siku. Ukirudisha baada ya siku 2 umelipa 400, na umepata msaada wa maana. Ukikaa nayo siku 15 umelipa 3,000, ambayo ni asilimia 15 kwa nusu mwezi. Hapa kinachoamua gharama ni siku. Ada yenyewe haibadiliki.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Ukiwa na deni la aina hii, pesa yoyote inayoingia kwenye simu yako huanza kukatwa. Kijana wako akituma 30,000 kutoka Mbeya kwa ajili ya dawa za bibi yake, deni linachukua chake kwanza. Ukiwa na deni la simu, waambie mapema wanaokutumia pesa za shughuli maalumu, au wazitume kwa namba ya mtu mwingine unayemwamini.

Kadi ya mkopo inatufundisha nini sisi tusio nayo

Wapo wanaotuuliza kuhusu kadi za benki, kwa kuwa wamesikia watu wa mjini na ndugu walioko nje wakizitumia kukopa. Kwanza tutenganishe. Kadi nyingi zilizoko mifukoni mwetu ni za kutolea pesa yako mwenyewe. Kama akaunti haina kitu, nayo haitoi kitu. Kadi ya mkopo ni nyingine: unanunua kwa pesa ya benki, mwisho wa mwezi unaletewa hesabu. Hapa nchini hutolewa na baadhi ya benki, na wanaoipata kwa kawaida ni watu wenye mshahara unaopita benki.

Ukilipa hesabu yote kabla ya tarehe ya mwisho, manunuzi mengi hayatozwi riba. Huo ndio uzuri wake. Ubaya uko kwenye mstari mmoja wa ile hesabu, unaosema kiasi cha chini unachoruhusiwa kulipa. Tuseme mtu anadaiwa 1,000,000, riba ni asilimia 3 kwa mwezi, na kiasi cha chini ni asilimia 5 ya deni. Mwezi wa kwanza analipa 50,000. Katika hiyo, 30,000 ni riba na 20,000 tu ndiyo imepunguza deni. Akiendelea hivyo mwaka mzima bila kununua kitu kingine, atakuwa ametoa kama 538,000, lakini deni litakuwa limepungua kwa kama 215,000 tu. Zaidi ya 320,000 imeondoka kama riba. Na akitumia kadi hiyo kuchukua pesa taslimu kwenye ATM, kwa kawaida riba huanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, pamoja na ada ya kutoa.

Kwa nini tunaeleza haya kwa mkulima wa alizeti? Kwa sababu kulipa kidogo ili deni lisogezwe mbele ndiyo kosa lile lile tunalolifanya kwenye simu. Unalipa ada, unakopa upya, unajiona mwaminifu kwa kuwa hujachelewa, kumbe deni liko pale pale. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Kukopa upya ili kulipa la zamani siyo dawa.

Kausha damu: hesabu iliyofichwa kwenye rejesho la wiki

Mikopo inayowaumiza zaidi kina mama wa magenge na wauza mitumba ni ile iliyopewa jina la kausha damu, au mikopo umiza. Hufika hadi mlangoni, haitaki hati ya nyumba, na fedha hupatikana siku hiyo hiyo.

Chukua mfano huu. Unakopeshwa 300,000 na unatakiwa kurejesha 36,000 kila wiki kwa wiki 10. Jumla utalipa 360,000. Afisa mikopo atakwambia riba ni asilimia 20, na kwa kuangalia haraka ni kweli, kwa kuwa 60,000 ni asilimia 20 ya 300,000.

Lakini wewe hukukaa na 300,000 kwa wiki 10. Kila wiki ulirudisha 30,000 ya mtaji pamoja na 6,000 ya riba. Wiki ya kwanza ulikuwa na 300,000, ya pili 270,000, na wiki ya kumi ulibaki na 30,000 tu. Kwa wastani ulikuwa unatumia 165,000. Riba ya 60,000 juu ya 165,000 ni kama asilimia 36 kwa wiki 10, yaani karibu asilimia 16 kwa mwezi. Na kama siku ya kwanza walikukata 15,000 ya fomu na bima ukaondoka na 285,000, gharama imepanda tena kabla hujafika nyumbani.

Ndiyo maana mkopo unaotoza riba juu ya salio linalopungua ni nafuu kuliko ule unaotoza riba ile ile ya mwanzo hadi mwisho, hata kama asilimia iliyotajwa inafanana. Swali la kuuliza ni fupi: “Riba inapungua deni linapopungua?” Kama jibu ni hapana, jua riba halisi inakaribia mara mbili ya ile uliyotajiwa.

Sheria inasema nini

Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Sheria hiyo imewagawa watoa huduma katika madaraja manne. La kwanza ni benki za huduma ndogo za fedha zinazopokea amana. La pili ni kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana, na humo ndimo wanamoingia wakopeshaji wengi wa mtaani. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii kama VICOBA, ambavyo hujiandikisha kupitia halmashauri.

Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Rudi kwenye mfano wetu wa kausha damu wenye karibu 16 kwa mwezi, utaona umbali uliopo kati ya karatasi na mlangoni. Mkopeshaji wa daraja hili anatakiwa awe na leseni ya Benki Kuu. Una haki ya kuomba kuiona, na una haki ya kupewa nakala ya mkataba unaouelewa. Mkopeshaji anayekusainisha karatasi kisha akaondoka nazo zote amekunyima silaha yako ya kwanza.

Kikomo hicho kisichanganywe na mikopo ambayo benki zinaitoa kupitia mitandao ya simu. Hiyo inasimamiwa kwa taratibu za mabenki, na ndiyo maana unaweza kukuta ada yake kwa mwezi iko juu ya 3.5.

Kwa wenye simu janja kuna hatari nyingine. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya aplikesheni 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali, na ikawaonya wananchi kutozitumia. Aplikesheni za namna hiyo huomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizoko kwenye simu yako. Ukichelewa siku moja, shemeji yako, mwalimu wa mtoto na mchungaji wako wanatumiwa ujumbe kwamba wewe ni tapeli. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu taarifa za watu kutumika hivyo. Hata hivyo, aibu ikishasambaa kijijini haiondolewi na sheria. Aplikesheni ya mkopo ikikuomba ruhusa ya kuona namba za watu wako, kataa na uifute.

Je, kikomo cha riba kinatosha?

Wapo wanaosema serikali ishushe tu riba kwa amri. Jirani zetu Kenya walijaribu. Mwaka 2016 Bunge lao lilipitisha sheria ya kuzibana riba za benki zisizidi pointi 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu yao. Benki zikawa nzito kumkopesha mtu mdogo asiye na dhamana, na wengi wakaangukia kwa wakopeshaji wa kwenye simu ambao wakati huo hawakuwa na msimamizi. Sheria hiyo ilifutwa Novemba 2019. Januari mwaka huo huo Safaricom ilikuwa imeanzisha Fuliza, na Wakenya wakaizoea haraka.

Funzo kwetu ni kwamba kikomo kinasaidia pale kinaposimamiwa na pale penye njia mbadala. Mama mwenye genge akiambiwa kausha damu ni haramu lakini hana pengine pa kukopa, atakopa kwa siri, na wa siri hatozwi kidogo.

Njia mbadala zilizopo

Njia ya kwanza ni mikopo ya halmashauri ya asilimia 10. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisitishwa Aprili 2023 ili kurekebisha utaratibu, baada ya fedha nyingi kutorejeshwa na nyingine kwenda kwa vikundi hewa, kisha ikarejeshwa. Kwa sisi wa Rungwa mlango wake ni Halmashauri ya Itigi, kwa kuanzia na afisa maendeleo ya jamii wa kata. Ina usumbufu wa makaratasi na haiji kwa haraka. Kikundi kinachotaka pesa ya Desemba kisianze kuzunguka Novemba.

Njia ya pili ni kikoba au SACCOS. Wapo wanaolalamika kwamba hata vikoba vinatoza riba kubwa kwa mwezi. Ni kweli, baadhi vinatoza. Tofauti ni kwamba riba ya kikoba hurudi kwenye mfuko wenu, na siku ya kugawana unaipata sehemu yake. Ile ya kausha damu hairudi.

Njia ya tatu ni mikopo ya kilimo ya benki. Mwaka 2021 Benki Kuu ilitenga shilingi trilioni 1 kwa ajili ya kuzikopesha benki kwa riba nafuu, kwa sharti kwamba nazo zikikopesha kilimo zisizidi asilimia 10 kwa mwaka. Ugumu wake ni dhamana na kumbukumbu. Mkulima mmoja mmoja huipata kwa shida, ila ushirika ulioandikishwa una nafasi nzuri zaidi. Wafuga nyuki wetu, ambao asali yao ina soko la uhakika, wangefika mbali kama wangeuza kwa pamoja na kuwa na risiti za mauzo za misimu miwili au mitatu.

Pima deni kwa magunia

Njia rahisi ya kujua kama mkopo unakufaa ni kuutafsiri kuwa mazao. Tuseme gunia la alizeti umezoea kuliuza 50,000. Mkopo wa 300,000 unaorejesha kwa 360,000 ni magunia 7 na kidogo. Jiulize: mbegu na vibarua utakavyolipia kwa pesa hiyo vitaongeza magunia mangapi shambani? Kama ni 4, umemlimia mkopeshaji. Kama ni 15, mkopo una maana, mradi rejesho lisubiri mavuno.

Hapo ndipo kwenye kiini cha jambo. Alizeti na mahindi hukaa shambani miezi minne hadi mitano. Mkopo wa wiki 10 au wa siku 30 utakudai mara nyingi kabla hujavuna, na pesa ya kulipa itabidi itoke kwingine: kwenye kuku, kwenye mbuzi, au kwenye mkopo mwingine. Wengi huishia kuuza mazao yakiwa bado shambani kwa bei ya kutupa. Mkopo mfupi unafaa biashara inayozunguka haraka, kama genge, samaki au mama lishe. Kwa shamba, tafuta mkopo wa msimu, au usikope.

Kabla hujabonyeza au kusaini, pata majibu ya maswali haya:

1. Nitapokea kiasi gani mkononi baada ya makato yote?
2. Nitarejesha jumla ya shilingi ngapi hadi mwisho? Usiishie kwenye rejesho moja.
3. Rejesho la kwanza ni lini, na siku hiyo pesa itatoka wapi?
4. Riba inapungua deni linapopungua?
5. Nikichelewa siku moja nini kinatokea? Nikiwahi kulipa kuna punguzo?
6. Ana leseni, na nimepata nakala ya mkataba?
7. Nimeweka nini dhamana, na mwenzangu wa ndoa anajua?

Kama tayari una madeni matatu au manne, yaandike yote kwenye karatasi moja: kiasi, ada na tarehe. Acha kukopa jipya. Lipa kwanza lile linalotoza kwa siku, kisha lenye riba kubwa zaidi, huku mengine ukiyalipa kwa kiwango cha lazima. Ukiona utachelewa, nenda kwa mkopeshaji kabla ya tarehe, omba kupangiwa upya, na mkikubaliana andikisheni.

Na kama umedhulumiwa, anza kwa kulalamika kwa mkopeshaji mwenyewe kwa maandishi na utunze nakala. Asipokujibu, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na ina matawi Dodoma na Mbeya. Mkopeshaji akija kubeba godoro na sufuria bila amri ya mahakama, mwite mwenyekiti wa kitongoji na utoe taarifa polisi siku hiyo hiyo, kabla vyombo havijauzwa.